Firigisi ya Baba: Namna ya Kutunga na Kupiga Filamu ya Kijana Mkaidi na Nyumba Yake

Kuku anapochinjwa Matulo, huku Bungoma, firigisi ina mwenyewe. Ni ya baba. Akiwa safarini huwekewa, akichelewa hufunikiwa. Sasa mchukue msichana wa miaka kumi na sita aliyerudi likizo, ana njaa, na ana hasira ambayo hajamwambia mtu. Anaingia jikoni, anafunua sufuria, anaila firigisi, anafunika. Hapo tayari una filamu. Hujampeleka Nairobi, hujamtia kwenye genge, hujaua mtu. Una nyumba nzima ambayo jioni hiyo italazimika kuzungumza, nayo itazungumza juu ya kila kitu isipokuwa kile kinachoiuma.

Nawaandikia vijana wa Matulo, Webuye, Misikhu, Kimilili, Kiminini hadi Kitale wanaotaka kupiga filamu fupi kuhusu kijana asiyesikia na familia isiyoelewana, pamoja na walimu wanaowaongoza. Filamu ya aina hii, inayomchekesha mtazamaji na kumchoma moyo katika onyesho lilelile, huanza kwa urahisi na kuharibika upesi. Nyingi huishia mahali pamoja: baba mlevi anafoka, mama analia, kijana anatoroka na begi, kisha mchungaji anabisha hodi dakika ya mwisho na wote wanakumbatiana. Mtazamaji anapiga makofi kwa adabu na kusahau. Tatizo halikuanzia kwenye mwisho huo. Lilianza siku ya kwanza, pale mtunzi alipomtafuta kijana kabla ya kuitafuta nyumba.

Nyumba kwanza

Kabla hujaandika skripti, chukua ukurasa mmoja na uandike jambo ambalo familia hii hailisemi. Liwe moja tu. Watu wazima wote wa nyumba hiyo walijue, na kila mmoja awe na sababu yake ya kulinyamazia. Ukaidi wa kijana utatoka humo. Mtoto hazaliwi na kichwa kigumu ili wewe upate hadithi. Huanza kugonga vitu pale anapohisi kuna mlango uliofungwa na hakuna anayemwambia nyuma yake kuna nini.

Eneo letu lina mambo kama hayo tele, na kubwa kati yao lina tarehe. Kiwanda cha karatasi cha Pan African Paper Mills, ambacho kila mtu Webuye alikiita Panpaper, kilianza kutoa karatasi mwaka 1974. Mji ukakua juu ya mshahara wake: nyumba za kupanga, maduka, karo za shule, hata michango ya harusi. Mwanzoni mwa 2009 kikafungwa. Mwaka 2016 kiliuzwa kwa kundi la Rai na kazi ikaanza tena, lakini si kila aliyetoka mlangoni alipata kurudi. Mtoto aliyezaliwa mwaka wa kufungwa leo ni kijana mwenye sauti ya utu uzima. Amelelewa katika nyumba ambayo wazazi wanaukumbuka mji ambao yeye hajauona.

Basi tumpe msichana wetu nyumba hiyo. Baba alikuwa fundi wa mitambo. Bado anaamka saa ile ile ya zamu ya asubuhi, ananyoosha shati, anatoka akisema kuna mtu ameahidi kumpigia simu. Mama anauza omena na mboga sokoni, na karo inatoka kwenye beseni lake. Kukhu, mama yake baba, anaona kila kitu na anazidi kumwita mwanawe "mzee wa nyumba" mbele ya wageni, kwa sauti kubwa kuliko inavyohitajika. Hakuna anayetamka kwamba hakuna simu itakayokuja. Katika nyumba hiyo, firigisi ndiyo alama ya mwisho iliyobaki inayosema baba ni nani. Msichana akiila, amekula cheo chake, na kila mtu mezani anajua hivyo ingawa watalia kuhusu nyama.

Watazamaji wa Kenya walikwisha kuonyeshwa jinsi siri ya namna hii inavyoweza kubeba kicheko kwa miaka mingi. Papa Shirandula ya Citizen TV ilisimama juu ya bawabu aliyeificha kazi yake halisi na kujifanya mtu mkubwa. Marehemu Charles Bukeko, aliyefariki Julai 2020, alimcheza mhusika huyo bila kumdharau hata siku moja. Tulimcheka na bado tulitaka afanikiwe, kwa sababu uongo wake ulitoka kwenye haya, na haya kila mtu anaijua. Chunguza hapo kwa makini: aibu ya mtu mzima ndiyo inayofanya mambo yake yachekeshe na yaumize kwa wakati mmoja. Ukimnyima baba wa filamu yako aibu na kumwachia ulevi peke yake, umemgeuza adui, na adui hachekeshi mtu.

Kila mtu awe na haki akiwa amekaa pake

Hatua inayofuata ndiyo watu huiruka, na ndiyo ningekuomba uipe wiki nzima ukiweza. Kwa kila mhusika, andika nusu ukurasa kwa sauti yake mwenyewe, akieleza jioni ile ya firigisi kana kwamba yeye ndiye aliyeonewa. Andika katika lugha ambayo angeitumia. Mama aseme kwamba kuku huyo alikuwa wa kuuza, na alimchinja kwa sababu mgeni alikuja. Baba aseme kwamba katika nyumba hii kila mtu huombwa ruhusa isipokuwa yeye. Kukhu aseme kwamba alizaa wana, akazika baadhi, na huyu aliyebaki hatadharauliwa na mtoto wa shule mbele ya macho yake. Mdogo wa msichana, mvulana wa miaka kumi na mitatu aliyemwona dadake kupitia ufa wa mlango, aseme kwamba ananyamaza kwa bei: daftari lake la hesabu lifanywe kwa wiki mbili. Msichana mwenyewe aseme la mwisho. Utashangaa jinsi kesi yake itakavyopungua nguvu ukishawasikiliza wengine, na hapo ndipo atakapokuwa na hadithi ya kweli, kwani atalazimika kupigana na watu wenye haki.

Ukitaka kuona kazi hii imefanywa vizuri na Wakenya wenzetu, tafuta Supa Modo ya Likarion Wainaina, iliyotoka 2018. Inamhusu mtoto mgonjwa sana anayeota kuwa shujaa wa filamu. Mzozo mkubwa wa nyumba hiyo ni kati ya mama na dada mkubwa, kuhusu namna ya kuishi na mtoto huyo siku zilizobaki. Wote wawili wanampenda. Hakuna mbaya wa kumzomea. Bado kuna mvutano kila dakika, na kijiji kizima kinacheka huku kikisaidia. Itazame mara moja kwa kufurahia, kisha uirudie ukiwa na kalamu, ukiandika kila mara mama na binti wanapogombana: nani alikuwa na haki, na ulijua vipi?

Skripti ikiwa tayari, mpe mtu mwenye umri wa baba aisome, ikiwezekana aliyewahi kupoteza kazi. Usimuulize kama ni nzuri. Muulize baba wa kwenye skripti ni mtu wa namna gani. Akisema "mjinga", rudi ukaandike. Akinyamaza kidogo, kisha akaanza kumtetea, umefika.

Kuhusu urefu: ukurasa mmoja wa skripti hukaribia dakika moja ya filamu. Kwa filamu ya kwanza kaa kati ya kurasa kumi na kumi na mbili. Nyumba moja, jioni moja, asubuhi moja. Kila onyesho la ziada ni siku nyingine ya kuwalisha watu.

Kicheko kinatoka kwa watu wasiotania

Usimwite mchekeshaji. Katika filamu ya familia, watu huchekesha wanapokuwa wamejitolea kwa moyo wote kwa jambo dogo. Kukhu anaitisha kikao. Paka anashtakiwa. Mgeni, ambaye ni khocha, kaka yake mama, anajaribu kusema kwamba firigisi si muhimu, na kwa kusema hivyo anamdhalilisha shemeji yake zaidi. Baba anatamka kwamba hana haja nayo, mara tatu, kila mara kwa sauti ya juu zaidi. Hakuna hata mmoja anayejua kwamba anachekesha. Mwambie kila mwigizaji acheze kana kwamba yuko mahakamani Bungoma na hukumu itatoka leo.

Angalia pia jinsi hali inavyogeuka. Filamu ya Lady Bird ya Greta Gerwig, ya mwaka 2017, iliyowekwa katika mji aliokulia mwenyewe, Sacramento, karibu na mwanzo inawaonyesha mama na binti ndani ya gari wakilia pamoja kwa sababu ya kitabu wanachokisikiliza kwenye kaseti. Muda mfupi baadaye wanagombania chuo, na binti anafungua mlango na kujirusha nje gari likiwa linakwenda. Upendo umekuja kwanza, ugomvi ukafuata, kisha kitendo cha kichaa kinachotufanya tucheke kwa mshtuko. Fuata mpangilio huo kwenye meza yako. Kabla ya kufunuliwa sufuria, tuonyeshe msichana na baba yake wakifanya jambo pamoja kwa raha: wanatengeneza redio, au anamsomea gazeti kwa kuwa miwani ya baba imevunjika naye hasemi imevunjika. Tukishajua wanapendana, kila neno baya litakalofuata litakuwa na uzito.

Lugha ni hazina ambayo wengi huitupa. Kwa miaka mingi runinga yetu imetumia lafudhi ya Kiluhya kama mzaha uliokwisha pikwa: mtu akifungua mdomo tu, watu wanacheka. Kataa kabisa. Acha familia yako izungumze inavyozungumza kweli, na uweke maandishi ya tafsiri chini ya picha. Mama anakemea kwa Kibukusu na kuomba kwa Kiswahili. Watoto wanajibu kwa Sheng hadi kukhu anapoingia, ndipo wanakumbuka kumsalimu "mulembe, kukhu". Baba huhamia Kiingereza kila anapodanganya kuhusu ile simu, na mtazamaji atagundua hivyo mara ya pili bila kuelezwa. Msichana akimjibu kwa Kiingereza hichohicho mara ya tatu, umeandika mgongano mkubwa zaidi wa filamu yako bila mtu kuinua mkono.

Agosti ya mwaka unaogawanyika kwa mbili

Mtunzi wa Nairobi anayetaka kuonyesha mtoto akivuka kwenda utu uzima hulazimika kubuni sherehe. Sisi tunayo, na ina tarehe. Miongoni mwa Wabukusu, wavulana hutahiriwa Agosti ya miaka inayogawanyika kwa mbili: 2022, 2024, 2026. Miaka mingine ni ya kungoja. Kwa wiki kadhaa kabla, mvulana huzunguka na njuga, zile chinyimba, akiwaalika ndugu. Huenda kwa khocha, ambaye humchinjia na kumvika nyama. Asubuhi ya siku yenyewe hupelekwa mtoni, hupakwa matope, na hurudi nyumbani akisindikizwa na wimbo ambao kila mtu wa Bungoma anaujua tangu utotoni.

Kwa mtunzi, huo ni mshipi wa kukaza hadithi. Fikiria tena ile nyumba. Khocha amekuja kwa sababu ni mwaka wa tohara na kijana wa miaka kumi na mitatu, yule aliyechungulia ufani, ndiye mtahiriwa. Nafaka ya busaa inatafutwa, wageni wanahesabiwa, pesa zinachangwa. Wakati huohuo msichana ana salio la karo la muhula wa pili, na hakuna anayelitaja. Nyumba yote imegeuka kumtazama kaka mdogo. Msichana naye anakua, mwili wake umebadilika, mawazo yake yamebadilika, na hakuna njuga inayolia kwa ajili yake. Ndiyo maana akafunua sufuria. Hatausema uchungu huu, na wewe usimwandikie hotuba ya kuusema. Kama jioni ile umeipanga vizuri, mtazamaji atauelewa mara tu anapoona mkono wake unanyooka.

Nina msimamo mkali kuhusu kupiga picha za tohara yenyewe. Usipige. Mtoto aliye uchi ni mtoto aliye uchi, hata kama kijiji kizima kimesimama pale, na picha ikishaingia kwenye simu za watu hairudi. Sheria ya Watoto ya 2022 inamlinda mtoto yeyote chini ya miaka kumi na minane, na faragha yake ni sehemu ya ulinzi huo. Isitoshe, filamu haihitaji kuona kisu. Piga uso wa dada akiwa dirishani huku njuga zikisikika kutoka upande wa barabara, zikikaribia, zikipita. Rekodi sauti za njuga kutoka mbali kwa ruhusa ya wenyewe, uzihifadhi. Zitakufaa mahali pengi.

Anachotaka kijana kionekane mwilini

Katika Nairobi Half Life ya David Gitonga, ya mwaka 2012, tunakutana na Mwas kijijini akiuza filamu, na anaziuza kwa kuziigiza: anaruka, anapigana, anakufa mbele ya wateja. Haambiwi mtu kwamba anataka kuwa mwigizaji. Mwili wake umeshasema. Mtafutie msichana wako kitu cha namna hiyo. Labda anafungua na kufunga kila mashine anayoipata, kama baba yake. Labda kwenye pikipiki ya bodaboda iliyokwama yeye ndiye anayechutama kuangalia plagi huku wavulana wakipiga porojo. Hapo siri ya nyumba inapata njia ya kutokea: mtu pekee aliyerithi ufundi wa Panpaper ni yule ambaye hakuna anayemtazama. Ukipata jambo kama hili, mwisho wa filamu utajitokeza wenyewe, nao hautahitaji mchungaji wala kukumbatiana. Asubuhi baba anatoka kama kawaida, shati limenyooshwa. Msichana anamfuata. Unakata hapo, au dakika moja baadaye.

Siku za kupiga

Piga likizo, kwa sababu waigizaji wako wako shuleni. Aprili ina mvua nyingi. Agosti nayo mawingu hukusanyika mchana. Desemba hadi Januari ndio wakati mwema. Mwezi wowote, maongezi ya ndani yapigwe asubuhi, kwani mvua ya alasiri ikianza kugonga mabati hakuna maikrofoni itakayokuokoa. Nyumba iliyo karibu na barabara kuu ya Webuye kwenda Kitale ina malori usiku na mchana, na matrekta ya miwa msimu wa mavuno. Tafuta nyumba iliyo ndani kidogo. Kisha kaa humo nusu saa bila kusema, usikilize.

Simu nzuri inatosha. Iweke kwenye hali ya ndege. Funga mwanga na fokasi ili picha isipaukepauke mtu anaposogea. Umeme wetu ni wa hezi 50, kwa hiyo piga fremu 25 kwa sekunde na shata ya 1/50, la sivyo balbu zitamemeta kwenye picha. Sauti irekodiwe na simu ya pili yenye maikrofoni ndogo ya kubana kwenye shati, na kila shoti ianze kwa kupiga makofi mara moja ili uoanishe baadaye. Kila chumba kirekodi nusu dakika ya ukimya wake. Jioni, nakili kazi yote mahali pawili kabla hujala, kwa sababu stima inaweza kupotea kabla hujamaliza.

Onyesho la usiku usilipige usiku. Hapa karibu na ikweta jua huzama haraka, na baada yake una kama dakika ishirini ambapo anga bado ni ya buluu na balbu ya ndani inaonekana ya dhahabu. Fanya mazoezi mchana kutwa, kisha upige dakika hizo. Mchana, ndani ya nyumba yenye madirisha madogo, sogeza meza karibu na mlango, na mtu ashike shuka jeupe upande wa pili kurudisha mwanga usoni. Usiondoe vitambaa vya makochi, wala kalenda ya kanisa, wala picha ya mahafali ukutani. Watunzi wengi huondoa vitu hivyo wakidhani wanasafisha fremu. Wanaondoa familia.

Onyesho la mezani ndilo litakalokula siku yako. Anza na shoti pana ya meza yote, wacheze kutoka mwanzo hadi mwisho, mara mbili. Kisha uso mmoja mmoja, na kila uso upigwe onyesho zima, hata kwa mtu asiye na neno la kusema, maana utakapohariri utagundua kwamba kicheko kikubwa kiko kwenye uso wa anayesikiliza. Mteue mtu mmoja ambaye kazi yake ni chakula peke yake: ugali ulikuwa umekatwa wapi, mrenda ulibaki kiasi gani, sufuria ilikuwa imefunikwa au wazi. Nunua firigisi kadhaa kwa wauzaji kuku wa sokoni, uzichemshe zote siku moja, kwa sababu msichana ataila mara nyingi kuliko unavyodhani. Mruhusu ateme kati ya shoti na umwekee maji karibu.

Kuhusu waigizaji, nitakuambia jambo moja tu. Usimpe mtu aigize maisha yake mwenyewe. Aliyepoteza kazi Panpaper awe mshauri wako. Baba achezwe na mwingine. Kwa kukhu, tafuta mama mzee wa kwaya ambaye hajawahi kuigiza. Msimulie hadithi, mwambie anachokitaka katika onyesho hilo, umwachie maneno. Vijana wakariri, yeye asikariri. Watababaika mbele yake, na huko kubabaika ndiko unakokutafuta.

Ruhusa

Kupiga filamu ya kuonyesha hadharani kunasimamiwa na Sheria ya Filamu na Michezo ya Jukwaani, Sura ya 222, na Bodi ya Kuainisha Filamu ya Kenya ndiyo inayoipa filamu daraja: GE kwa watu wote, PG, 16 au 18. Uliza kuhusu leseni mapema, kabla ya kupanga tarehe. Kama mko chini ya shule, mwalimu ashughulikie. Pata idhini iliyoandikwa kutoka kwa mzazi wa kila mwigizaji mtoto na kwa mwenye nyumba, na umwarifu chifu. Droni inahitaji idhini ya mamlaka ya safari za anga mahali popote nchini, na Matulo kuna uwanja wa ndege, kwa hiyo sahau zile picha za juu. Hutazikosa. Hadithi hii iko kwenye meza.

Watu waione

Tamasha la kitaifa la drama na filamu la shule na vyuo hufanyika karibu na Aprili, baada ya ngazi za chini. Ni mlango mzuri, na walimu wa magharibi mwa Kenya wanaujua kuliko watu wengi. Wanajua pia bei yake. Aprili 2025 wasichana wa shule ya Butere walifika Nakuru na Echoes of War, mchezo uliozungumzia mvutano wa vijana na watawala, baada ya Mahakama Kuu kuagiza waruhusiwe. Polisi walirusha vitoza machozi, na wasichana wakaimba wimbo wa taifa na kuondoka bila kuigiza. Nakumbusha haya kwa sababu moja. Mwalimu anayeogopa atataka kulainisha maneno ya msichana wako kabla mtu wa nje hajayasikia. Mwalimu, tafadhali usiyalainishe. Msichana anayemwambia baba yake ukweli mezani hajamvunjia mtu heshima kama umemwandika baba kwa upendo, na kazi hiyo ya kumwandika kwa upendo ndiyo unayopaswa kuisimamia kwa ukali.

Kabla ya tamasha lolote, onyesha nyumbani. Omba ukumbi wa kanisa au darasa, shuka ukutani, projekta ya kukodi, spika nzuri kuliko projekta, kwa kuwa watu watavumilia picha hafifu lakini hawatavumilia maneno yasiyosikika. Waalike wazazi wa waigizaji na wale mafundi wa zamani wa kiwandani. Filamu ikiisha, usiwaulize vijana maoni kwanza, maana watasema ni kali na kwisha. Mpe kipaza sauti mtu wa umri wa baba, kisha wa umri wa mama, kisha kukhu mmoja. Mtu mmoja arekodi yote yatakayosemwa. Mahali watakapobishana wao kwa wao kuhusu nani alikosea, weka alama kwenye daftari. Kabla hujaituma popote, rudi kwenye uhariri na uongeze sekunde mbili tatu za uso wa yule ambaye ukumbi uligawanyika kumhusu.